Rangi Hutoka kwa Jirani

Sheria ya mchezo huu ni moja, na mtoto wa darasa la pili anaielewa: maeneo mawili yenye mpaka wa pamoja yasipakwe rangi moja. Kwenye skrini unapewa ramani ya nchi isiyokuwapo, iliyokatwa vipande visivyolingana, vingine vyembamba na vya kujipinda, vingine vipana vyenye kona nyingi. Rangi ni nne. Vipande vichache vimekwisha kupakwa na huruhusiwi kuvibadilisha. Kazi yako ni kujaza vilivyobaki, na fumbo limetungwa kwa namna ambayo jibu lake ni moja tu. Simon Tatham, mwandishi wa programu kutoka Uingereza, aliuita Map, akauweka katika mkusanyo wake wa mafumbo unaogawiwa bure. Ukishausakinisha kwenye simu hauhitaji intaneti tena. Kwa mtu aliye Pinga au Nyabiondo, ambako mtandao huja na kupotea, hilo si jambo dogo.

Nimeucheza mchezo huu kwa muda mrefu, jioni nyingi, na umenifundisha kuitazama ramani ya jimbo letu la Kivu Kaskazini, Congo, kwa jicho jingine. Nitaanza na mbinu zake, kwa sababu bila hizo nitakayoyasema baadaye kuhusu teritwari za Masisi na Walikale yataonekana kama maoni tu.

Anayeanza huvutwa na kipande kikubwa. Jicho linapenda ukubwa, na mkono unataka kuona eneo pana likijaa rangi kwa mguso mmoja. Lakini ukubwa haumo katika sheria. Kipande kinaweza kuchukua robo ya skrini na bado kikawa na hiari ya rangi tatu, huku kipande kidogo kilichobanwa katikati kikiwa hakina hiari hata moja. Kwa hiyo mtazame yule aliyebanwa. Zungusha macho kwenye ramani nzima bila kugusa chochote, utafute kipande ambacho tayari kimeguswa na rangi tatu tofauti. Hicho kimekwisha kuamuliwa na majirani zake. Kipake, kisha usikimbilie upande mwingine wa ramani. Kaa papo hapo, uulize: rangi hii mpya imemnyima nani hiari? Mara nyingi hatua moja ya lazima huzaa nyingine, na hiyo ya pili huzaa ya tatu, mpaka pembe nzima ya ramani ikajaa bila wewe kubahatisha hata mara moja.

Mpaka nao una adabu yake. Maeneo mawili yanayogusana kwa ncha tu hayahesabiwi kuwa majirani. Sharti wawe na mstari wa pamoja, hata uwe mfupi namna gani. Makosa mengi huanzia hapa. Mchezaji haoni kimstari kidogo kilichojificha kwenye kona, anaendelea kwa ujasiri, na dakika kumi baadaye ramani inamgomea. Wakati mwingine mpaka mfupi kuliko yote ndio unaoshikilia fumbo zima.

Kuna hali nyingine ambayo wachezaji wengi huipita bila kuiona. Vipande viwili vinapakana, na kila kimoja kimebakiwa na rangi mbili zilezile, tuseme njano na kijani. Hujui kipi kitachukua ipi. Huna haja ya kujua. Unachojua ni kwamba viwili hivyo vitazimaliza njano na kijani kati yao, na kwa hiyo kipande cha tatu kinachopakana na vyote viwili hakiwezi kupata yoyote kati ya hizo. Hapo kutojua kwako kumekupa jibu la mtu mwingine. Mimi huliona hili kuwa sehemu nzuri kuliko zote katika mchezo, na Tatham aliweka njia ya kutia vidoti vidogo ndani ya kipande badala ya rangi kamili: vidoti vinasema "labda hii, labda ile", na vinaweza kufutwa. Mchezaji mzuri hutia vidoti vingi kuliko rangi.

Ikifika mahali ambapo hakuna hatua ya lazima inayoonekana, chagua kipande chenye hiari mbili, udhani moja, uifuate kwa vidoti mpaka ikutane na mgongano au ikubali. Ikigongana, ile nyingine ndiyo kweli. Lakini chagua kipande ambacho dhana yake itaenda mbali haraka, chenye majirani wengi walio karibu kubanwa. Kudhani pembezoni hakukufundishi kitu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinijia siku moja na simu mkononi. "Mjomba, hiki kimekataa rangi zote nne," akasema, akinionyesha kipande kidogo kilichobaki katikati.

"Hicho hakina kosa, mwanangu," nikamwambia. "Rudi nyuma. Wapi uliweka rangi bila kulazimishwa?"

Alinyamaza, kisha akaelekeza kidole upande wa pili kabisa wa ramani, mbali na pale palipogoma. Hiyo ndiyo tabia ya mafumbo ya aina hii: mahali pagumu panapojitokeza si lazima pawe mahali palipokosewa. Anayebabaika na kile kipande cha mwisho, akijaribu rangi moja baada ya nyingine, anamwonea aliyebanwa na wengine.

Sasa twende kwenye ramani ya kweli. Kivu Kaskazini ina teritwari sita: Beni, Lubero, Rutshuru, Nyiragongo, Masisi na Walikale. Nikiiacha kando miji inayojitegemea kiutawala, nikaihesabu Goma pamoja na Nyiragongo inayopakana nayo, je, zinahitajika rangi ngapi? Mwalimu yeyote mwenye krayoni anaweza kulijaribu hili darasani.

Mgeni ataanza na Walikale, kwa kuwa inachukua zaidi ya theluthi ya jimbo na ni kubwa karibu mara tano ya Masisi. Hakuna ubaya, ila ukubwa huo haumsaidii. Kinachosaidia ni pale ambapo teritwari tatu zinapakana kila moja na nyingine: Walikale, Masisi, Rutshuru. Hapo rangi tatu ni lazima. Tuipe Walikale kijani kwa ajili ya msitu wake, Masisi njano, Rutshuru nyekundu. Nyiragongo, ndogo kuliko zote, inapakana na Masisi na Rutshuru. Basi haina hiari, ni kijani. Lubero inapakana na Walikale na Rutshuru. Nayo haina hiari, ni njano. Beni, ndani ya jimbo, inapakana na Lubero peke yake. Hiyo ina hiari ya kijani au nyekundu. Rangi tatu zimetosha. Tukivuka kwenda Kivu Kusini, Kalehe inapakana na Masisi na Walikale, kwa hiyo inakuwa nyekundu, na bado hakuna shida.

Kisha likumbuke ziwa. Ziwa Kivu nalo ni eneo kwenye ramani, na lina majirani. Masisi inalifikia upande wa Bweremana. Goma iko ufukweni. Kalehe inalifikia Minova na kuendelea kusini. Kwa kuwa linagusa Masisi ya njano na Goma ya kijani, ziwa linalazimika kuwa nyekundu; lakini Kalehe iliyo ufukweni tayari ni nyekundu. Ramani imegoma. Ukirudi nyuma kutafuta ulipobahatisha hutapata mahali, kwa sababu kila hatua kwenye njia hii ililazimishwa. Rangi tatu hazitoshi tena. Sharti iongezwe ya nne. Mtoto analipaka ziwa bluu tangu mwanzo bila kufikiri, kwa sababu maji ni bluu, na hajui kwamba hata kama maji yangekuwa na rangi ya kahawa, ziwa hilo lingedai rangi yake.

Sababu inaonekana ukisimama Masisi na kuzunguka mipaka yake: Walikale, Rutshuru, Nyiragongo pamoja na Goma, ziwa, Kalehe, kisha Walikale tena. Majirani watano, kila mmoja akimgusa anayemfuata. Masisi ikishachukua rangi moja, wanabaki na mbili za kupokezana. Idadi ikiwa shufwa, kupokezana kunafika mwisho salama. Ikiwa witiri, wa mwisho anakutana na wa kwanza wakiwa na rangi moja. Hii ni mbinu ya kuikumbuka unapocheza na rangi chache: hesabu pete ya majirani kabla ya kuhesabu kitu kingine. Masisi imezungukwa na witiri.

Swali la rangi nne lilianza na ramani ya kweli pia. Mwaka 1852 kijana wa Kiingereza, Francis Guthrie, alikuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza, akaona kwamba nne zinatosha, akashindwa kueleza kwa nini. Ndugu yake Frederick alilipeleka swali kwa profesa wake, Augustus De Morgan, naye De Morgan akalipeleka kwa wengine. Guthrie mwenyewe alihamia Afrika Kusini, akafundisha hisabati huko na kuchunguza mimea, akafia huko mwaka 1899. Swali lake lilikuwa bado halijajibiwa.

Lakini kwa miaka kumi na mmoja watu walidhani limejibiwa. Mwaka 1879 Alfred Kempe, mwanasheria aliyependa hisabati, alitoa uthibitisho uliokubaliwa na wakubwa wa zama zake. Wazo lake kuu ni zuri, na bado linamfaa mchezaji. Kipande kimegoma kwa sababu kimezungukwa na rangi zote nne. Chagua mbili, tuseme nyekundu na kijani. Anza na jirani mwekundu, ufuate mnyororo wa vipande vyekundu na vya kijani vinavyopokezana kutoka kwake. Ikiwa mnyororo huo haumfikii yule jirani wa kijani, geuza rangi zote za mnyororo: nyekundu iwe kijani, kijani iwe nyekundu. Hakuna mpaka unaoharibika, na kipande chako kimepata nafasi. Katika Map mbinu hii ina kizuizi: mnyororo ukipita kwenye kipande kilichopakwa tangu mwanzo, huruhusiwi kuugeuza.

Mwaka 1890 Percy Heawood alionyesha ufa katika uthibitisho huo. Kuna mahali ambapo Kempe aligeuza minyororo miwili kwa pamoja. Kila mgeuzo peke yake ni halali, lakini ukishaugeuza wa kwanza, wa pili si ule tena uliouchunguza. Minyororo inagusana. Heawood alithibitisha kwamba rangi tano zinatosha, na swali la rangi nne likasubiri hadi 1976, pale Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walipotumia kompyuta zaidi ya saa 1,200 kukagua hali 1,936, moja baada ya nyingine. Wanahisabati wengi walinung'unika kwa sababu hakuna binadamu aliyeweza kuusoma uthibitisho huo wote. Mwaka 2005 Georges Gonthier alithibitisha upya kwamba rangi nne zinatosha, kwa programu iliyoundwa kukagua mantiki, na manung'uniko yakapungua.

Nimekaa sana na kosa la Kempe kwa sababu Masisi na Walikale wapo watu ambao kazi yao rasmi ni kupaka rangi.

Tangu mwaka 2012 sheria za Congo zinataka kila chimbo la wachimbaji wadogo la bati, koltani na wolframu likaguliwe na kupewa rangi. Ujumbe wa pamoja, wenye maofisa wa serikali, watu wa mashirika ya kimataifa na asasi za kiraia, hufika kwenye chimbo na kuuliza: kuna watu wenye silaha? Wanatoza kodi hapa au njiani? Watoto wanafanya kazi? Chimbo lisilo na kasoro hizo ni kijani, na madini yake yanaruhusiwa kuuzwa. Lenye kasoro za kurekebishika ni njano, na hupewa miezi sita. Lenye makosa makubwa ni nyekundu, na biashara yake ni marufuku. Magunia ya chimbo la kijani hufungwa lebo yenye namba, na namba hiyo husafiri nayo hadi kwenye makontwari, yaani nyumba za wanunuzi wa madini, kisha ng'ambo. Wanaozidai rangi hizi ni wanunuzi wa mbali: bati ndilo linalounganisha vipande vya ndani ya simu na kompyuta, na tantalamu inayotolewa kwenye koltani hutengeneza vile vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani yake.

Kabla ya utaratibu huo tulionja njia ya kupaka kila kitu rangi moja. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria, kifungu cha 1502 cha Dodd-Frank, kikizitaka kampuni zieleze kama madini yao yametoka Congo au nchi yoyote inayopakana nayo. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi wakaondoka, kwa kuwa kuikimbia ramani nzima ni rahisi kuliko kuisoma. Walikale iliumia vibaya. Bisie, kilima cha bati kilichoanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa imelisha mnyororo mrefu wa watu: wachimbaji, wabebaji waliovuka msitu kwa miguu na magunia mgongoni hadi Njingala, wenye ndege ndogo zilizotua kwenye kipande cha barabara ya lami Kilambo, wauza maharage na mafuta ya taa njiani. Kwa miaka kadhaa wanajeshi walikaa Bisie wakitoza kila aliyepita. Tatizo lilikuwa la kweli. Ila anayeipaka ramani nzima nyekundu hajatatua fumbo. Amekiuka ile sheria moja, akawafanya majirani wote kuwa kitu kimoja.

Utaratibu wa kijani, njano na nyekundu ulikuwa bora kuliko hapo, na nawaheshimu waliotembea hadi kwenye machimbo kuufanya. Walipanda milima ya Rubaya na kuteremka mashimoni, wakaandika walichokiona. Udhaifu wake uko pale pale aliposhindwa Kempe. Kila chimbo hukaguliwa kana kwamba liko peke yake, na rangi yake huandikwa kana kwamba imetoka ndani yake. Chimbo la kijani likiwa bonde moja na chimbo jekundu, gunia la usiku kutoka kule linafungwa lebo ya huku. Lebo haidanganyi kuhusu namba; inadanganya kuhusu mlima. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika juu ya udanganyifu wa namna hii zaidi ya mara moja, na mtu yeyote aliyewahi kukaa katika soko la madini ameusikia ukizungumzwa waziwazi.

Tarehe 30 Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, mji mdogo wa Masisi wenye machimbo yanayotoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Kwenye karatasi, milima hiyo ilikuwa na historia ya kijani. Kazi ya kufunga lebo ilisimamishwa Masisi, lakini madini hayakusimama. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilikadiria karibu tani 120 za koltani kwa mwezi zikivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na za huko. Februari 2025 waziri wa madini wa Congo aliyaweka machimbo kadhaa ya Masisi na Kalehe katika rangi nyekundu. Aliyejaribu ile ramani ya krayoni atakumbuka kwamba Masisi na Kalehe ni majirani. Ghasia iliyofika upande mmoja haikusubiri kibali kuvuka. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ulichelewa kwa miezi tisa.

Walikale inatoa mfano ulio wazi zaidi. Mgodi mkubwa wa Bisie, unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin tangu 2019 na wenye bati lililokolea kuliko karibu popote duniani, ulisimamisha kazi tarehe 13 Machi 2025. Hakuna aliyekuwa ameingia ndani ya uzio wake. Siku chache baadaye, tarehe 19, M23 waliingia Walikale-centre. Waliondoka mwanzoni mwa Aprili, na mgodi ukaanza kurudi kazini mwezi huohuo. Ndani ya mgodi hapakubadilika kitu. Mashimo yaleyale, mitambo ileile. Kilichobadilika ni jirani. Wenye kampuni walisoma mipaka yao kama mchezaji hodari anavyosoma ramani, wakaona hiari imekwisha kabla hawajaguswa. Mchimbaji mdogo wa Masisi hana anayemsomea mipaka yake namna hiyo. Anajua rangi ya chimbo lake siku mnunuzi anapokataa gunia.

Ziko ramani nyingine zinazotupaka rangi. Ile ya njaa, inayotumia hatua tano kutoka kijani hafifu hadi nyekundu iliyokolea, huipa sehemu nzima rangi ya hatua mbaya zaidi iliyofikiwa na angalau mtu mmoja katika kila watano. Kanuni hiyo ni ya busara kwa anayepanga misaada, maana inamtanguliza aliye hoi. Ila msomaji wa mbali anayeiona Masisi imejaa rangi moja anapaswa kujua kwamba ndani ya rangi hiyo wapo wenye ng'ombe na jibini na wapo waliolala chini ya turubai. Eneo la mchezo lina rangi moja kwa sababu ni tupu. Hakuna anayeishi ndani yake.

Hapa mchezo na nchi vinaachana, na ningependa msomaji aione tofauti hiyo kwa uzito wake. Katika Map mipaka haisogei na rangi za mwanzo hazibadiliki. Huku kwetu mpaka wa aliyeshika bunduki husogea kwa wiki moja, na chimbo ambalo jana halikupakana na yeyote, leo linapakana naye. Rangi isiyo na tarehe, katika nchi ya namna hiyo, ni neno la jana linalosemwa kana kwamba ni la leo. Lakini mbinu yenyewe inabaki ileile, na hapo ndipo ninaposimama: mtazame aliyebanwa kwanza, usiupuuze mpaka mfupi, tumia vidoti pale ambapo huna hakika, na usigeuze minyororo miwili kwa pamoja ukidhani kila mmoja unajitegemea. Serikali inapofunga machimbo ya bonde moja kwa amri na kufungua ya bonde la pili kwa amri nyingine, pasipo kuuliza kama wachimbaji, magunia na watoza kodi watavuka kilima kimoja kwenda kingine, inarudia kosa ambalo Heawood alilionyesha mwaka 1890.

Vidoti navyo vinastahili kutetewa. Ile rangi ya njano, yenye miezi yake sita, ndiyo iliyokusudiwa kuwa kidoti: bado hatujui, tutarudi. Shida ni kwamba kurudi ni kazi ghali. Barabara ya Walikale hukatika mvua zikinyesha, daraja likivunjika watu hungoja siku kadhaa, na ujumbe wa ukaguzi unahitaji magari, ulinzi na posho. Kwa hiyo njano hugeuka kimya kimya kuwa rangi ya kudumu, na chimbo hukaa hapo, wala halikubaliwi wala halikatazwi, likiuza kwa bei ya chini kwa yeyote asiyeuliza. Lingekuwa jambo la haki wanaonufaika na koltani na bati letu walipie safari hizo za kurudi, kwa sababu hakuna kompyuta inayoweza kuzifanya kwa niaba yao. Appel na Haken walikagua hali 1,936 wakiwa wameketi Illinois. Milima ya Masisi inakaguliwa kwa miguu.

Walimu wa Masisi na Walikale wanaoendelea kufundisha, wengine katika madarasa yaliyogeuzwa makazi ya waliokimbia, wawape watoto ile ramani ya teritwari sita, Kalehe na ziwa, pamoja na krayoni nne. Ni somo la hisabati, ni somo la jiografia, na halihitaji kitabu. Na wale wanaotia saini rangi za machimbo yetu, wakiwa Kinshasa au ng'ambo, nawaomba jambo moja linalowezekana leo: kabla ya kuandika rangi ya chimbo, waandike kwanza majina ya machimbo yote yanayopakana nalo, rangi ya kila moja, na tarehe ambayo mtu alifika huko kwa miguu yake akaliona.